"Waniamrisha?": Mamlaka ya Mtume na uhuru wa kuamini

Mhadhara uliotolewa Mombasa baada ya sala ya Isha, mwezi wa Mfungo Sita

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zangu, wazee wangu, mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana mliokaa barazani kwa sababu ndani kumejaa: nimeombwa nizungumze juu ya tabia za Mtume wetu (s.a.w.). Katika mwezi huu wa maulidi mtasikia mengi juu ya upole wake, ukarimu wake, hata namna alivyokuwa akitembea. Mimi nimeomba niachiwe jambo moja tu, nalo ni amri yake. Alikuwa na amri kiasi gani juu ya mtu? Juu ya asiyemwamini, na juu ya aliyemwamini pia.

Nianze na bakora.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Chuoni kwetu tulikuwa tukikaa kwenye jamvi, juzuu Amma mapajani, kila mtu anapiga kelele na sura yake. Zamu yangu ilipofika nilikuwa kwenye Ghashiya. Nikasoma, "lasta alaihim bimusaitir", kwa sin nyembamba. Mwalimu akanisimamisha: swadi, nene! Nikarudia, ulimi ukateleza kulekule. "Lete mkono." Nikala tatu za kiganja. Mwalimu yule ameshatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Qur'ani yote niliyo nayo kifuani ni kazi yake, na jina lake silitaji. Lakini ilipita miaka zaidi ya 10 ndipo nikajua maana ya aya niliyochapiwa. Maana yake ni hii: "Basi kumbusha, wewe ni mkumbushaji tu. Hukuwekwa juu yao uwatenze nguvu."

Mnacheka. Na mimi nacheka sasa. Siku ile sikucheka. Na cha kuchekesha zaidi, baadaye wajuzi wa kiraa, yaani namna zilizopokewa za kuisoma Qur'ani, waliniambia kwamba hata ile sin yangu si kosa. Ni kiraa cha Hisham kutoka kwa Ibn Amir. Kwa hiyo nilichapwa mara mbili bila haki, mara moja na tajwidi na mara moja na tafsiri.

Aya hizi si ngeni kwenu. Ghashiya husomwa sala za Ijumaa, husomwa Idi zote mbili, kwa kufuata sunna yake mwenyewe. Imepita juu ya vichwa vyetu uwanjani mwaka baada ya mwaka, nasi tumevaa kanzu mpya na akili iko kwenye biriani. Na si peke yake. Katika Yunus, aya ya 99, Mola anamwuliza kabisa: lau angetaka Mola wako, wangeamini wote walio duniani, je, wewe utawalazimisha watu mpaka wawe waumini? Katika Qaf: wewe si wa kuwatia jeuri. Katika Al-An'am: hatukukufanya mlinzi wao, wala wewe si wakili wao. Katika Al-Kahf: anayetaka na aamini, na anayetaka na akufuru.

Hapa huwa kuna mtu ananyanyua mkono, na jibu lake nalijua kabla hajasema. "Sheikh, hizo zote ni za Makka. Makka alikuwa mnyonge, hana jeshi. Alipofika Madina akapata nguvu, mambo yakabadilika." Hoja hii ni nzito na haikuanzishwa na maadui wa Uislamu. Wako wafasiri wakubwa waliosema kuwa aya ya upanga, ya 5 katika Sura ya Tawba, inayoamrisha kuwapiga vita washirikina, imezifuta aya zaidi ya 100 za kusamehe, kusubiri na kuachana na watu. Basi usiku huu nitakubali kucheza katika uwanja wa mwenye hoja. Za Makka naziweka pembeni, kasoro moja nitakayoirudia mwishoni kwa sababu maalumu. Twendeni Madina, mahali alipokuwa na kila kitu: jeshi, bendera, hazina, na watu ambao lau angewaambia ingieni motoni wangeingia.

"Hapana kulazimishana katika dini." Al-Baqara, aya ya 256, Madina. Sababu ya kushuka kwake imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Ibn Abbas. Miongoni mwa Ansari, wenyeji wa Madina waliokuja kumpokea Mtume, kabla ya Uislamu, mwanamke ambaye watoto wake hawakai, kila akizaa wanakufa, alikuwa akiweka nadhiri: huyu akiishi, nitampeleka alelewe katika Uyahudi. Nadhiri za namna hii hata huku kwetu si ngeni. Mama aliyezika watatu hugonga kila mlango. Basi katika mwaka wa 4 wa Hijra (625), kabila la Banu Nadhir lilipotolewa Madina, ndani yake walikuwamo watoto wa Ansari, vijana wakubwa sasa, Mayahudi. Wazazi wao, Waislamu, wakasema: hatuwaachi watoto wetu. Ndipo aya iliposhuka.

Litazameni vizuri tukio hili. Anayetaka kulazimisha si askari mkatili. Ni mzazi, ana uchungu wa kweli, na nguvu iko upande wake. Aya ikamwambia hapana.

Nina mama mmoja alinijia mwaka jana baada ya darsa, akangoja mpaka watu wote wakaondoka. Nitamrudia.

Mwaka wa 6 (628), Hudaibiya. Mtume amesimama na watu wake nje ya Makka, wamevaa ihramu, wamezuiwa. Maquraishi wanamtuma Suhail bin Amr waandike mkataba. Ali ndiye mwandishi. Anaandika: haya ndiyo aliyoafikiana Muhammad, Mtume wa Allah. Suhail anasema: simama hapo. Lau tungejua kuwa wewe ni Mtume wa Allah tusingekuzuia wala tusingekupiga vita. Andika jina lako na la baba yako. Mtume anamwambia Ali: futa. Ali anasema: wallahi, mimi sikufuti. Anasema: nionyeshe mahali. Akaonyeshwa, akafuta kwa mkono wake, pakaandikwa Muhammad bin Abdullah.

Mimi nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Cheo kikubwa kuliko vyote duniani kimefutwa kwa kidole cha mwenyewe, kwa sababu mtu aliyekaa mbele yake hakiamini. Hakumwambia Suhail amini kwanza ndipo tuongee. Alikubali kwamba katika karatasi ya watu wawili, mmoja hana haki ya kumsemesha mwenziwe imani asiyokuwa nayo. Na utume wake haukupungua hata chembe.

Katika mkataba uleule kulikuwa na sharti ambalo masahaba lilitaka kuwapasua vifua: anayetoka Makka kuja kwa Waislamu atarudishwa, lakini anayetoka kwa Waislamu kurudi Makka hatarudishwa. Wakauliza: tuandike hili? Imo katika Sahihi Muslim, akajibu: ndiyo, anayetuacha akaenda kwao, basi Allah amemweka mbali. Yaani mtu anayeuacha Uislamu akaenda kwa washirikina, Mtume ametia muhuri kwamba hamdai. Wanaosema kuondoka katika dini ni jambo lisilopata kuvumiliwa hata siku moja, wakisome tena kifungu hicho.

Sasa nije kwa Barira, maana huyu ndiye aliyenifanya nikubali kuja kuzungumza.

Barira alikuwa mtumwa, Bibi Aisha akamwacha huru. Sisi watu wa pwani tunajua neno mtumwa lilivyokuwa na uzito katika mitaa hii hii, na vijukuu vyake vilivyobaki midomoni mwa watu hadi leo pale posa zinapopelekwa. Mumewe, Mughith, alikuwa bado mtumwa. Sharia ikampa Barira hiari: kubaki naye au kumwacha. Akamwacha. Mughith akachanganyikiwa. Ibn Abbas alikuwa kijana mdogo, na miaka mingi baadaye anasimulia katika Bukhari kama mtu aliyeona jana: "Kama namwona akizunguka nyuma yake analia, machozi yanamtiririka ndevuni." Fikirini vichochoro vya Madina, mwanamke yuko mbele hageuki, mwanamume yuko nyuma anafuta ndevu. Mtume akamwambia ami yake Abbas: hushangai Mughith anavyompenda Barira, na Barira anavyomchukia Mughith? Akamwonea huruma, akamwita Barira: lau ungemrudia.

Barira akauliza: "Ewe Mtume wa Allah, waniamrisha?"

Akasema: "Mimi naombea tu."

Akasema: "Basi sina haja naye."

Na mambo yakaishia hapo. Hakuambiwa mkaidi wala hakuambiwa imani yake ina kasoro. Hakuna aliyemnong'oneza kwamba Mtume akitaka kitu, muungwana hujiongeza.

Wanazuoni, akiwemo Ibn Hajar, wameliona jambo jingine dogo lenye faida kubwa. Abbas yumo katika kisa hiki, yuko Madina. Na Abbas alihamia Madina baada ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8. Basi Barira anamkatalia Mtume wakati Bara Arabu karibu yote iko chini yake, si wakati wa unyonge. Mwenye hoja ya Makka na Madina anisaidie hapo.

Tena msidhani swali lake lilikuwa la dharau. Mtu asiyejali amri haulizi kama ni amri. Barira aliuliza kwa sababu alijua kwamba jibu likiwa "ndiyo", atabeba virago arudi kwa Mughith. Amri ya Mtume kwa muumini ipo, nzito, na Sura ya An-Nisaa imeiweka wazi: anayemtii Mtume amemtii Allah. Lakini aya hiyohiyo, ya 80, haikukatikia hapo kama tunavyoikatia sisi kwenye mimbari. Inaendelea: na anayegeuka, basi hatukukutuma uwe mlinzi juu yao. Nusu ya kwanza tumeihifadhi, nusu ya pili tumeiacha msahafuni.

Hili la kutofautisha Mtume anasema kwa cheo gani halikuletwa na wasomi wa siku hizi waliosoma Ulaya, kama wanavyotuhumiwa. Shihabuddin al-Qarafi, Mmaliki wa Misri aliyefariki mwaka 684 Hijria (1285), aliliandikia kitabu. Alisema kuna pale Mtume anapofikisha kutoka kwa Mola wake na kutoa fatwa. Hiyo ni ya watu wote mpaka Kiyama. Kuna pale anapohukumu kama kadhi kati ya watu wawili, na kuna pale anapotenda kama kiongozi wa dola, na hizo mbili mtu hajichukulii mkononi. Mfano wake ni hadithi ya anayefufua ardhi iliyokufa kuwa ni yake. Je, ameisema kama mufti, hivyo kila mtu aende akalime? Au ameisema kama mtawala, hivyo ruhusa ya serikali inahitajika? Malik na Abu Hanifa wakatofautiana. Hili la ardhi sisi Wapwani tunalielewa haraka kuliko mlango wowote wa fiqhi.

Karne ya 20 ndiyo iliyoukoroga upya mjadala huu, na mawimbi yake yalifika hapa Mombasa mapema kuliko vijana wanavyodhani. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alikuwa msomaji wa jarida la Al-Manar la Kairo, na mwaka 1932 akatoa gazeti lake la Al-Islah mjini humu. Ndiyo kusema babu zetu walikuwa wakibishana ijtihadi na taklidi, kujitafutia hukumu au kufuata waliotangulia, barazani kabla hakujawa na hizi simu.

Machi 1924 Uturuki ikafuta ukhalifa. Mwaka uliofuata kadhi mmoja wa Misri, Ali Abdel Raziq, akatoa kitabu akisema Mtume alikuwa mjumbe tu, hakuwa mfalme, na ukhalifa si nguzo ya dini. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa aya hizihizi za mkumbushaji. Agosti 1925 baraza la maulamaa wa Al-Azhar likamvua uanazuoni na ukadhi ukamtoka. Mimi kwa rai yangu alipitiliza. Mtu aliyekusanya zaka, akahukumu, akafunga mikataba na kuteua magavana, huwezi kusema hakuwa na utawala. Utawala alikuwa nao. Kilichokosekana ni utawala juu ya moyo, na hicho hakupewa. Laiti Abdel Raziq angeegemea zaidi kwa al-Qarafi, pengine wangepata tabu zaidi ya kumvua.

Wa pili ni Mahmoud Mohamed Taha wa Sudani. Yeye alikwenda njia nyingine: aya za Makka ndizo asili, za uhuru na usawa, za Madina zilikuwa za wakati wake, na sasa zipishe. Kwa rai hizo, na kwa karatasi aliyoisambaza na wafuasi wake kupinga sharia zilizotangazwa na Rais Nimeiri mwaka 1983, alihukumiwa kuwa ameritadi, yaani ameuacha Uislamu. Akanyongwa katika gereza la Kober, Khartoum, tarehe 18 Januari 1985, mzee wa miaka 70 na ushei. Haikutimia miezi mitatu Nimeiri mwenyewe akapinduliwa, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Sudani ikaitangua hukumu ile. Ikamfaa nini marehemu? Haijulikani kitanzi kinatanguka vipi.

Na Taha naye sikubaliani naye, Allah amrehemu. Ukishasema uhuru uko Makka, umemwachia mwenzio Madina yote bure. Umempa Barira, umempa Hudaibiya, umempa na "hapana kulazimishana". Lakini kutokukubaliana na mtu ni kitabu kwa kitabu. Hakukuhitaji kamba.

Najua mnangoja hadithi. "Atakayebadilisha dini yake muuweni." Imo Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas, na siwezi kuikwepa, na madhehebu yetu makubwa yalijenga hukumu juu yake. Nasema tu tuwasikilize wenyewe wa zamani. Mahanafi walisema mwanamke aliyeritadi hauawi, kwa kuwa si mpiganaji. Basi kilichokuwa kikiadhibiwa ni nini: imani au vita? Ingekuwa imani, mwanamke hana imani? Ibrahim an-Nakhai, katika tabiina, kizazi kilichofuata masahaba, alisema murtadi hutakiwa atubu daima, na Sufyan ath-Thawri akasema hilo ndilo tunalolichukua. Daima maana yake hakuna siku ya kuuawa. Na wale waliopigwa vita kwa kuritadi siku za Abu Bakr walikuwa wameshika silaha na kuzuia zaka. Na Sheikh Mahmoud Shaltut, aliyekuja kuwa Sheikh Mkuu wa Al-Azhar mwaka 1958 hadi 1963, aliandika kwamba ukafiri peke yake hauhalalishi damu. Kinachoihalalisha ni kuwapiga vita Waislamu. Huyo si Taha, huyo ni Azhar yenyewe.

Na aya ya upanga? Mwanazuoni Suyuti alizihesabu aya zilizofutwa kweli zikamfikia kama 20. Shah Waliullah wa Delhi akazishusha hadi 5. Kisha somaeni inayoifuata, ya 6: mshirikina akikuomba hifadhi, mpe, asikie maneno ya Allah, halafu mfikishe mahali pake pa amani. Haikusema mfikishe akishasilimu.

Sasa ile ya Makka niliyoahidi kuirudia. Kuna hadithi nyingine kali zaidi: nimeamrishwa nipigane na watu mpaka waseme hapana mungu ila Allah. Hii ndiyo inayotupiwa watu kila mjadala ukipamba moto. Imepokewa na masahaba kadhaa. Lakini katika Sahihi Muslim, kwa upokezi wa Jabir bin Abdillah, haikuishia hapo. Mtume alimaliza kwa kusema hesabu yao iko kwa Allah, kisha akasoma: "Innama anta mudhakkir, lasta alaihim bimusaitir." Aya yangu ya bakora! Mtume mwenyewe ameitia nukta hadithi ile kwa aya ambayo tunaambiwa imefutwa. Tangu nilipoiona riwaya hiyo sijaweza kuisikia nusu yake ya kwanza peke yake.

Kuhusu nchi yetu sitasema mengi, wanasheria wapo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, inamtaka kadhi asikilize kesi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka ya mahakama yake. Wako wanaolalamika kwamba hii inampunguzia kadhi heshima. Mimi naona kadhi ambaye watu wamemjia kwa miguu yao yuko karibu zaidi na aliyesema "mimi naombea tu".

Lakini shida yetu haiko mahakamani. Iko kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo, ambako mtu akiuliza swali moja la itikadi usiku, asubuhi ameshatolewa kwenye kikundi na kwenye dini. Binamu anamkufurisha binamu kwa sauti ya dakika mbili, tena amelala.

Yule mama. Alisubiri mpaka taa za nje zikazimwa, akakaa kwenye ngazi. Mwanawe wa pili alikwenda kufanya kazi mjini mbali, na huko akabadilisha dini. Ndugu wakaweka kikao. Wakamwambia mama asizungumze naye, asimtumie kitu, asipokee chochote kutoka kwake, la sivyo na yeye hesabu yake ni moja. Miaka miwili alikuwa ameshika agizo hilo. Hakuniuliza kama mwanawe ameasi, hilo alikuwa na jibu lake na analilia katika sijda. Aliniuliza kitu kidogo. Idi ilikuwa wiki ijayo, na mtoto alikuwa akipenda mahamri yake tangu mdogo. Kuna basi la usiku, kuna dereva anayemjua. Je, akimpelekea, ni haramu?

Nikamwambia habari ya Bibi Asma binti Abu Bakr. Katika muda uleule wa mkataba wa Maquraishi, mama yake alimjia Madina, naye ni mshirikina, anataka kuangaliwa na mwanawe. Asma akaenda kumwuliza Mtume: mama yangu amenijia, nimuunge? Akasema: "Ndiyo, muunge mama yako."

Yule mama akasema, "Huyo ni mtoto kwa mamake. Mimi ni mama kwa mtoto."

Nikasema, "Je, wewe unaona ni tofauti?"

Akafikiri kidogo, akasimama, akakung'uta buibui. Kisha akaniuliza kama najua basi la usiku siku hizi linaondoka saa ngapi.